Kumbi Mbili za Shangazi Swichi

"Shangazi, kama ya bure ipo, kwa nini mtu atoe pesa yake kununua ile nyingine?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa jikoni kwetu, na yeye ameinamia kompyuta aliyoiweka kati ya bakuli la vitunguu na chupa ya chai. Kwenye skrini palikuwa na chumba cha kijivu, kitupu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Alisema tu, "Subiri, nimebakiza bomba moja." Nikasubiri. Bomba likaisha, chai ikaisha, likizo ikaisha, shule ya msingi nayo ikaisha, nami nikavaa sare ya sekondari bila jibu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na anaishi nasi katika chumba kilicho nyuma ya jiko. Anafanya kazi kwenye ukumbi wa maonyesho wa mji wetu, ule wenye mlango wa kijani kati ya posta na duka la viatu. Yeye ndiye mtu wa taa. Watu wakiigiza na jua likazama jukwaani, ni yeye aliyelizamisha. Kazini wanamwita Swichi, na jina limemfuata hadi nyumbani. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya kazi yake. Sisi tunaoishi naye tunajua zaidi: kwa mtu anayekula kwa kuwasha taa, hajawahi kuona taa inawaka kwenye chumba kisicho na mtu akaiacha. Hata mtu akiwemo, akikaa kimya mno, anazimiwa. Baba amezimiwa bafuni mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri.

Zamani nilidhani kazi yake ni kubonyeza. Kumbe kubonyeza ndiyo sehemu ndogo. Juu ya jukwaa kuna mabomba manne ya chuma yaliyolala kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye mabomba hayo zinaning'inia taa ishirini na nne. Kabla ya onyesho lolote lazima mtu aamue ipi imulike uso, ipi imulike mgongo, ipi iwe ya bluu, ipi ikae kimya. Ukikosea, unapanda ngazi, unalegeza boliti, unageuza taa ambayo bado ina moto, unashuka, unatazama, unapanda tena. Taa moja inaweza kukumalizia nusu saa. Ndiyo maana siku hizi watu wa kazi hii hujenga ukumbi ndani ya kompyuta kwanza: kuta, jukwaa, mabomba, taa, kila kitu kwa vipimo vyake. Halafu wanaziwasha zile taa za kwenye skrini na kuona mambo yatakavyokuwa, bila mtu kuungua kidole.

Programu aliyokuwa nayo Shangazi ilikuwa ya bure, na ubure wake ulikuwa na masharti. Haikukubali zaidi ya taa kumi na mbili kwa wakati mmoja. Katikati ya skrini iliandika jina la walioitengeneza kwa herufi kubwa zilizofifia, zimetanda jukwaani kama nguo kwenye kamba. Lakini sharti lililonitoa macho mimi ni jingine: haikuhifadhi kitu. Ukiifunga, ukumbi wote unapotea. Kesho unaanzia kwenye uwanja mtupu.

"Sasa si unachoka?" nilimuuliza.

"Nichoke kwa nini? Wewe kitanda chako si unakitandika kila siku?"

"Mimi sikitandiki."

"Najua. Nilikuwa naongea na mtu mwenye adabu."

Kwa hiyo aliujenga ukumbi ule upya kila alipohitaji kufikiri. Nilimpima kwa simu ya baba: dakika tisa na sekunde kidogo, kutoka ukuta wa kwanza hadi taa ya kumi na mbili. Vidole vilikwenda vyenyewe huku mdomo ukinong'ona vipimo. Na kwa kuwa taa zote hazikuenea, alifanya upande wa kushoto kwanza, akachora alichokiona kwenye daftari, akafunga, akajenga tena kwa ajili ya upande wa kulia, kama mpiga picha aliyekuta familia kubwa kuliko kamera yake. Pande hizo mbili zilikutana kichwani mwake tu. Humo hakuna mtu mwingine aliyeingia. Yeye peke yake alijua boliti ipi imeliwa na kutu, ndoano ipi imelegea, waya upi umeungwa kwa utepe.

Kwa miaka minane hakukosa onyesho hata moja. Alikwenda na mafua. Alikwenda na jino limevimba shavu zima. Siku ya mahafali yangu ya shule ya msingi aliingia amechelewa na kutoka kabla ya picha. "Nisipokwenda mimi, atakwenda nani?" ndivyo alivyosema kila mara, na ukisikiliza vizuri ungegundua kwamba swali hilo lilimpendeza.

Basi, katika mwaka wangu wa kwanza wa sekondari, meneja wa ukumbi akamwita ofisini. Meneja ni mtu mrefu mwenye tabia ya kusema "kwa kifupi" kila anapotaka kuzungumza kwa urefu. Alikuwa ameletewa ile programu ya kulipia, yenyewe kamili, waijaribu kwa siku kumi na nne.

"Kwa kifupi, Swichi," alimwambia, "nataka ukurasa mmoja. Tuendelee na ya bure, au tununue hii. Wewe ndiye unayejua, utakachoandika ndicho nitakachofanya. Mimi naona faida moja kubwa. Hii inahifadhi. Tukiwa na faili la ukumbi wetu, hatutakutegemea wewe peke yako. Ukiugua tunamkodi mtu, anafungua faili, anawasha, anakwenda zake."

Meneja alisema hayo kwa wema kabisa. Lakini Shangazi alirudi nyumbani ametembea kwa miguu njia nzima, na alipoingia hakuzima taa yoyote. Tukajua kuna jambo.

Baba alimsikiliza huku akikausha vyombo, na kadiri alivyosikiliza ndivyo sahani moja ilivyozidi kukaushwa.

"Dada, unaelewa anachokuomba huyu bwana? Anakuomba uandike barua ya kujifukuza mwenyewe."

"Si barua. Ni ripoti."

"Tofauti yake ni nini, muhuri? Wewe una thamani pale kwa sababu ukumbi uko kichwani mwako. Ukiutia kwenye faili, umempa kila mtu kichwa chako. Andika kwamba ya bure inatosha. Nani atakubishia? Pale hakuna mwingine anayejua hata kuifungua."

"Nitaandika nitakachokiona."

"Ona vizuri basi," baba alisema, na hatimaye akaiachia ile sahani.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na hapo nilielewa kwamba Shangazi amekalia kuti kavu, na mwenye kulikata ni yeye mwenyewe.

Alijiwekea utaratibu wake. Angejenga onyesho moja mara mbili, kwenye ya bure na kwenye ya kulipia. Kisha angewasha taa za kweli ukumbini na kuona ipi imesema kweli. Onyesho lililokuwa njiani lilikuwa la kikundi cha dansi, siku ya Jumamosi alasiri. Kiongozi wao, mwalimu wa dansi, ni mama mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu huinama kuisikia, na wakishainama wanatii.

Alianza na ya bure, upande mmoja mmoja kama kawaida yake. Tuliona duara za bluu zilizopauka sakafuni, na juu yake yale maandishi ya kamba ya nguo. Akapiga picha, akaandika kwenye daftari. Kisha akafungua ya kulipia. Taa zote ishirini na nne zilikubali kukaa pamoja, mara ya kwanza maishani mwake kuziona hivyo kwenye skrini. Akazima zote, akabakiza saba za bluu za bomba la nyuma.

"Njooni! Njooni muone!"

Mimi nilikimbia na mswaki mdomoni. Baba alikuja shingo upande, kama mtu anayeitwa kumsalimia adui. Kwenye skrini, kutoka juu hadi chini, zilikuwa zimesimama nguzo saba za mwanga wa bluu. Ziling'aa hewani kama vioo. Ungedhani ukizigonga zitalia.

"Hili ni jukwaa au ni mbinguni?" baba alisema, kisha akakumbuka yuko upande gani, akakohoa.

Shangazi hakusubiri. Alimtumia mwalimu wa dansi picha ile hapo hapo. Jibu lilikuja kabla sijasukutua: anazitaka nguzo hizo, zote saba, na atapanga dansi upya ili wachezaji wake wapite katikati yake na kujificha nyuma yake. Wiki nzima walifanya mazoezi kwenye darasa la shule, wakizunguka viti saba badala ya nguzo.

Ijumaa nilitoka shule moja kwa moja hadi ukumbini, maana sikuwa tayari kusimuliwa. Wachezaji kumi na wawili walikuwa wamesimama jukwaani, mwalimu wao yuko mbele ya safu ya kwanza. Kando yake alikaa fundi sauti, mzee mcheshi wanayemwita Mwangwi kwa sababu hurudia mwisho wa kila anachoambiwa. Shangazi alikuwa juu nyuma, kwenye kibanda chake chenye kioo. Taa za ukumbi zikafifia. Taa saba zikawaka.

Sakafuni zilitokea duara saba za bluu, zilizopauka.

Hewani hapakuwa na kitu.

Mchezaji mmoja alitembea akajificha nyuma ya nguzo yake, na sote tukamwona mzima mzima, amebana tumbo.

"Nguzo zangu ziko wapi?" aliuliza mwalimu wa dansi.

"Ziko wapi," alisema Mwangwi, na bahati mbaya maikrofoni yake ilikuwa imewashwa, kwa hiyo ukumbi wote ukauliza.

Shangazi alishuka ngazi za kibanda bila haraka. Sijawahi kumwona na uso ule. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeingia sokoni na viatu visivyofanana na ndiyo kwanza anatazama chini.

"Moshi," alisema.

"Moshi," alisema Mwangwi.

"Mwangwi, naomba leo unyamaze. Niliweka moshi."

Alitueleza, na mimi nilisikiliza kwa masikio yote mawili, maana jambo lenyewe sikuwahi kulifikiria. Mwanga ukipita kwenye hewa safi hauonekani. Unauona unapogonga kitu: sakafu, uso, ukuta. Ili uuone ukiwa njiani, hewa lazima ibebe kitu, vumbi au moshi. Kumbi nyingi zina mashine ya moshi. Programu ya kulipia, ukiifungua tu, inaanza na moshi wake tayari, kwa kudhani kila ukumbi unao. Wetu hauna. Ulikuwa nao hadi siku ya kugawa zawadi za shule fulani, ambapo king'ora cha dari kiliamini kuna moto, zimamoto wakaja, na mgeni rasmi akamwagiwa maji akiwa katikati ya hotuba. Mashine iliuzwa wiki iliyofuata. Shangazi alijua hayo yote kuliko mtu yeyote. Ya bure haina moshi kabisa, kwa hiyo kwa miaka minane hakuwahi kuwa na sababu ya kuujali. Alipoziona zile nguzo alizipenda, na hakujiuliza zimesimama juu ya nini.

"Dansi yangu yote iko nyuma ya nguzo," alisema mwalimu, kwa sauti ya chini zaidi. "Na ni kesho."

"Najua, mwalimu. Nipe hadi saa kumi na mbili."

Kilichofuata kilinifundisha kwa nini watu wanamvumilia. Alikwenda stoo nyuma ya jukwaa, akarudi akiburuta pazia kuukuu, jeupe, la kitambaa chepesi kama chandarua. Alilitandika sakafuni, akalichana vipande saba virefu, kila kipande upana wa mlango. Kisha akapanda ngazi, Mwangwi ameishika chini, akavining'iniza kwenye bomba la nyuma kimoja kimoja, mbali na moto wa taa. Hakutazama karatasi yoyote. "Ndoano ya nne haifai, ruka, weka ya tano. Hapo kuna waya mbovu, pitisha nyuma." Mikono yake ilikuwa ikijenga ule ukumbi wa dakika tisa, isipokuwa sasa ulikuwa wa chuma.

Saa kumi na mbili kasoro akawasha. Mwanga ukateremka kwenye vitambaa, vikajaa bluu kutoka juu hadi chini. Nguzo saba.

"Haya, jificheni," alisema Shangazi akiwa bado juu ya ngazi.

Mchezaji wa kwanza alipopita, kitambaa kilipepea kidogo na nguzo ikayumba kama imepumua. Mwalimu wa dansi alitazama muda mrefu. "Zile za kwenye picha zilikuwa zimekufa," alisema mwishowe. "Hizi zinacheza." Mwangwi alifungua mdomo, akamtazama Shangazi, akaufunga.

Jumamosi ukumbi ulijaa, watu walipiga makofi hadi wengine wakasimama, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba alikuwa akitazama pazia la stoo.

Ripoti ilitakiwa Jumatatu. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Shangazi alikaa mezani jikoni na karatasi, na baba akakaa mbele yake akiwa na furaha ambayo hakuificha vizuri.

"Dada, sasa umepewa ushahidi mkononi. Huna haja ya kutia chumvi hata chembe. Programu ya kulipia ilitudanganya mbele ya wageni, ya bure haijawahi kutudanganya. Mistari miwili, umemaliza."

"Na Mwangwi kaniambia hivyo hivyo."

"Unaona? Na Mwangwi huwa hasemi lake."

Shangazi alicheka, akaanza kuandika. Mimi nilijitia hamnazo, nikawa naosha kikombe kimoja nyuma ya bega lake. Mwandiko wake ni mkubwa, kwa hiyo sikuhitaji kusogea sana. Aliandika kwamba ya bure ni nzuri kwa mtu anayejifunza, na kwa mtu mmoja anayejua ukumbi mmoja, na kwamba ameitumia miaka minane na hana la kuilaumu. Aliandika kwamba ya kulipia inaonyesha taa zote, inazungumza moja kwa moja na meza ya kuendeshea taa, na inachapisha mchoro ambao mtu wa ngazi anaweza kuushika. Kisha akaandika hivi, na haya nayanukuu kwa sababu niliyasoma mara tatu:

"Kosa la Ijumaa ni langu. Mahali pa kupunguza moshi papo, na moshi unaweza kuwekwa sifuri. Programu iliniambia moshi upo, sikubisha, kwa sababu ulikuwa mzuri. Ya bure haihifadhi. Kwa hiyo ukumbi wetu umehifadhiwa kichwani mwangu tu, na hilo si jambo jema kwa ukumbi. Nashauri tununue."

"Shangazi," nilisema, kikombe mkononi, "hilo la kichwani si ndilo baba alisema usiandike?"

"Ndilo."

"Si ulifute?"

Alifunika kalamu. "Hayo mengine meneja angeweza kuyasoma kwenye tangazo la wauzaji. Hilo ndilo hawezi kulijua mpaka nimwambie."

Baba alichukua karatasi, akaisoma, akairudisha mezani taratibu. Alikwenda kukausha vyombo ambavyo vilikuwa vikavu.

Wakanunua. Shangazi alitumia wiki nzima kuujenga ukumbi kwa mara ya mwisho, yeye na Mwangwi na futi ya kupimia, wakipima mpaka unene wa pazia. Ndoano mbovu akaiandikia ni mbovu. Kwenye moshi akaandika sifuri na kuongeza: "Usiguse, tuliwahi kumlowesha mgeni rasmi." Jioni ya siku ya mwisho alibonyeza kuhifadhi mbele yangu. Akafunga programu. Akaifungua kuona kama ukumbi upo. Upo. Akaifunga, akaifungua tena. Alifanya hivyo mara nne, kama mtu anayetoka nyumbani na kurudi kujaribu kitasa.

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Yale aliyoyaogopa baba yalitokea, ingawa si yote. Meneja alianza kukodi mtu kwa mikutano midogo ya katikati ya wiki, halafu kwa maonyesho ya shule, na Shangazi akajikuta yuko nyumbani Jumatano na Alhamisi bila la kufanya. Huo ulikuwa wakati mgumu kwetu sote. Tuliishi gizani. Ukienda kuchukua maji ukirudi unakuta chumba kimezimwa. Baba alisema "Nilisema mimi" mara moja tu, akazimiwa bafuni siku tatu mfululizo.

Kisha simu ikaanza kulia. Kwanza walikuwa wale wa kukodiwa. "Samahani dada Swichi, hapa umeandika bomba la tatu linaegemea kushoto, linaegemea kweli?" "Linaegemea, mwanangu, usibishane nalo." Halafu mwalimu wa dansi, ambaye kikundi chake kilikuwa kikizunguka miji mingine, akamtumia vipimo vya ukumbi ambao Shangazi hajawahi kuukanyaga, akamwomba auwashe. Akaujenga jikoni, kati ya vitunguu na chai, akahifadhi, akautuma. Sharti lake ni moja: kabla hajaanza, lazima mtu wa huko amjibu kama wana mashine ya moshi, na amtumie picha yake. Sasa kompyuta yake ina kumbi kumi na moja. Anazijua kwa majina aliyozipa mwenyewe: Wenye Nguzo Mbaya, Dari Fupi, Kwa Yule Bwana Mbishi. Analalamika kuhusu kila ukumbi, na akilalamika anaimba kidogo kidogo puani.

Mwezi uliopita kikundi cha dansi kilirudi kwetu. Kwenye kibanda alikaa mwanamke wa kukodiwa, mwenye miwani, aliyefungua faili la Shangazi na kusema hana swali. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, na Shangazi hakuwa na pa kwenda. Nilimshika mkono nikamkalisha safu ya saba, kiti cha pembeni, mimi kando yake. Nilikuwa nimekaa pale mara chungu nzima. Ndipo aliponiambia kwamba yeye hajawahi. Miaka yote hiyo ameviona viti hivyo kwa nyuma tu.

Mwanzoni hakujua afanye nini na mikono. Vidole vilikuwa vikibonyeza magoti. Kabla ya kila badiliko alinong'ona "sasa," na taa zikabadilika. "Sasa." Zikabadilika. Mara moja zilichelewa, kiasi cha kupepesa jicho, akanibana mkono hadi nikaumia. Bwana mmoja wa mbele aligeuka kututazama.

Kisha nikagundua kwamba amenyamaza. Nilidhani amekasirika. Nilipomtazama, alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Muziki ulikuwa umekatika na wachezaji walikuwa wakicheza kimya. Palisikika nyayo tu, nyayo tupu juu ya mbao, na pumzi zao.

"Kumbe wanasikika," alininong'oneza. "Kule juu kioo kinazuia. Sikujua wanapumua kwa pamoja."

Sijui kwa nini nilichagua wakati ule. Labda kwa sababu alikuwa ameridhika, na mtu aliyeridhika ni rahisi kumuuliza. Nilimsogelea sikioni.

"Shangazi, kama ya bure ipo, kwa nini mtu atoe pesa?"

Alifikiri, macho yakiwa jukwaani.

"Ile ya bure ilikuwa inanitaka kila siku," alisema. "Hii haina haja na mimi, inaniacha nikae hapa. Sasa nyamaza, nasikiliza miguu."